Dawa ya Nzige, Mnanaha na Sumu ya Mshale: Jinsi Zinavyoharibu Habari za Mishipa ya Fahamu

Tarehe 28 Desemba, 2019, makundi makubwa ya nzige wa jangwani yaliingia Kenya kwa upande wa Kaskazini Mashariki. Yalitua kwanza Mandera na Wajir, na haukupita muda mrefu yakawa yamefika Garissa. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walisema ya kuwa Kenya haikupata kuona uvamizi wa namna hiyo kwa muda wa miaka 70, na kwa hiyo ni wazee wachache tu walioweza kuwaeleza vijana mambo yatakavyokuwa. Ndege zilirushwa, vijana wa N.Y.S. wakafundishwa kazi ya kunyunyiza, na mapipa ya dawa yakapelekwa katika nchi ambayo watu wake walizoea zaidi habari za ukame na kupe. Miongoni mwa dawa zilizotumiwa nchini wakati huo zilikuwa fenitrothioni na deltamethrini.

Wafugaji wengi waliuliza swali la haki kabisa. Dawa inayoweza kumwangusha nzige chini, yawezaje kumwacha salama mbuzi anayekula majani yale yale, au mtoto anayemchunga mbuzi huyo? Jibu fupi ni kwamba nzige, mbuzi na mtoto wote hupeleka habari katika miili yao kwa njia moja, na dawa hizo huvamia njia hiyo hiyo. Kinachowatenganisha ni kipimo. Nzige mzima ana uzito wa gramu 2 hivi, na matone machache yamtosha. Mtu ana kilo 60, tena ini lake huweza kuivunja fenitrothioni upesi kuliko mwili wa mdudu. Lakini kipimo kikizidi, ini hushindwa, na mambo yanayompata mtu huyo hufanana sana na yale yaliyompata nzige.

Wala hatari haikuondoka pamoja na nzige. Dawa za jamii moja na fenitrothioni zimetumiwa katika majosho ya ng'ombe kuua kupe, na katika mashamba ya nyanya, vitunguu na tikiti maji yaliyo kando ya Mto Tana. Na achukuliwe kwa mfano mkulima wa Sankuri aliyechanganya dawa asubuhi kwa mikono mitupu, akanyunyiza shamba huku upepo ukimrudishia usoni. Kabla ya adhuhuri kichwa chamwuma na macho yaona ukungu. Kisha mate yamtoka mdomoni bila kukoma, machozi yatiririka, jasho lamlowesha kanzu, tumbo lamkata, atapika na kuhara. Misuli ya kope na ya mapaja yachezacheza chini ya ngozi kama kwamba wadudu wanatembea ndani yake. Kifua chakoroma. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Majirani wanaomzunguka mtu huyo kwa kawaida hawakosi maoni. Mmoja husema ni malaria, kwa sababu ya kichwa na jasho. Wa pili husema ni kipindupindu, kwa sababu ya kuhara. Wa tatu, akimwona anatetemeka na kupayuka maneno, husema amepandwa na jini na aitwe shehe amsomee. Kila mmoja ameona dalili ya kweli, ila ameikamata moja tu na kuziacha nyingine. Dalili zote hizo, toka machozi mpaka kutetemeka, zina mzizi mmoja, nao mzizi huo wafahamika vizuri.

Mshipa wa fahamu ni kama uzi mwembamba sana, nao hupeleka habari kwa umeme. Umeme huu hautoki katika waya wala mtambo. Hutoka katika chumvi. Ndani ya mshipa kuna potasi nyingi na sodiamu kidogo. Nje yake ni kinyume. Katika ngozi ya mshipa mna pampu ndogo mno ambazo hutupa nje sodiamu 3 na kuingiza ndani potasi 2, mchana na usiku, na kwa kazi hiyo mshipa hukaa tayari kama betri ya motokaa iliyotiwa moto. Habari ikija, milango midogo hufunguka, sodiamu huingia kwa ghafula, na mshtuko husafiri toka mwanzo wa uzi hata mwisho wake. Deltamethrini, ile dawa ya pili ya nzige, huishika milango hiyo isifunge upesi; ndiyo sababu aliyemwagikiwa nayo usoni huhisi ngozi ikimwasha na kumchomachoma.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa sababu pampu hiyo ya chumvi ina uhusiano na lugha ya watu wa Kaskazini Mashariki wenyewe. Kuna mti ambao Waswahili huuita msunguti na Wasomali huuita waabaayo. Wawindaji wa kale, kama Waboni wa misitu ya Ijara na Lamu na Wawaata wa nchi ya Tana, walipaka mishale yao sumu iliyopikwa kwa miti ya jamii hiyo. Magome, mizizi na vipande vya mti vilichemshwa kwa saa nyingi hata maji yakawa utomvu mweusi kama lami. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, lakini mti bado upo. Mwaka 1888 mtaalamu mmoja wa Ufaransa, Arnaud, aliitoa sumu yenyewe katika mti huo ikiwa safi, mfano wa chembe za chumvi, akaipa jina kwa kulifuata lile la Kisomali. Hata leo madaktari wa dunia nzima huiita ouabain, na wengi wao hawajui ya kuwa wanatamka neno la wachunga ngamia.

Sumu hiyo huisimamisha pampu. Moyo ndio unaoumia kwanza, kwa maana moyo haupumziki hata dakika moja: sodiamu hujaa ndani ya nyama yake, kalisi huifuata, moyo hupiga kwa nguvu kupita kiasi, halafu hupiga ovyo, kisha husimama. Lakini sumu hiyo hiyo ikimezwa, tumbo huipokea kwa shida sana, na kwa hiyo wawindaji waliweza kula nyama ya mnyama waliyemwua nayo, wakikata tu mahali mshale ulipoingia. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Denmark, alipokuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya miguu ya kaa, aliigundua pampu yenyewe. Na ouabain ndiyo iliyotumika kuthibitisha ya kuwa aliyoiona ndiyo hasa. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997.

Turudi kwa yule mkulima wa Sankuri. Sumu yake haikuvunja uzi wala pampu. Iliharibu mambo mahali pengine, yaani pale uzi unapokwisha.

Mshipa wa fahamu haugusani na nyama ambayo utaiamrisha. Kati yao pana mwanya mdogo mno ambao umeme hauwezi kuuruka. Zamani wataalamu walibishana sana juu ya jinsi habari inavyovuka hapo, mpaka mwaka 1921, Otto Loewi wa mji wa Graz, Austria, alipochukua mioyo miwili ya vyura iliyokuwa ikiendelea kupiga katika maji ya chumvi. Aliusisimua mshipa wa moyo wa kwanza, nao ukapiga polepole. Kisha akayachukua maji yaliyouzunguka moyo ule na kuyatia katika moyo wa pili, ambao mshipa wake haukuguswa kabisa. Moyo wa pili nao ukapiga polepole. Basi ikawa dhahiri kwamba mshipa ulikuwa umetoa kitu ndani ya maji. Kitu hicho ndicho asetilikolini, na mwaka 1936 Loewi alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Mwingereza Henry Dale.

Karani yeyote ataielewa kazi ya asetilikolini kama akiifikiria barua ya amri. Tarishi huifikisha barua ofisini. Mwenye meza huisoma na kutenda lililoandikwa. Kisha barua huchanwa, na meza huwa wazi kwa barua nyingine. Mwilini mchanaji wa barua ni kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, naye ni mwepisi ajabu, kwa kuwa kila barua huichana katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Sasa mchanaji huyo akifungwa mikono, barua haitoweki. Mwenye meza huisoma tena, na tena, na tena, akitenda amri ile ile mara elfu. Tezi za mate zilizoambiwa mara moja zitoe mate huendelea kuyatoa. Matumbo yaliyoambiwa yasukume chakula huendelea kusukuma. Msuli ulioambiwa ukaze hukaza, hulegea, hukaza tena, mpaka umechoka kabisa na hausikii amri yoyote.

Hiyo ndiyo kazi ya dawa za jamii ya fenitrothioni: humfunga mikono mchanaji. Jamii hii yote ilikuzwa na wanakemia waliokuwa wakitafuta dawa za wadudu. Mmoja wao, Mjerumani Gerhard Schrader, mwaka 1936 alitengeneza moja iliyokuwa kali mno hata haikufaa shambani, nayo ikachukuliwa na wanajeshi kuwa sumu ya vita. Undugu huo wafaa kukumbukwa na mtu apimaye dawa ya nyanya kwa kifuniko cha chupa ya soda.

Liko jambo la pili ambalo huwatatiza hata matabibu. Meza zinazopokea barua ya asetilikolini ni za namna mbili. Namna ya kwanza imo katika tezi, tumbo, mapafu, macho na moyo. Namna ya pili imo katika misuli ya mikono, miguu na ile ya kuvutia pumzi. Dawa iitwayo atropini huzifunika meza za namna ya kwanza tu. Mgonjwa akichomwa atropini, mate hukauka, mapafu huacha kujaa maji na moyo huongeza mwendo. Lakini misuli ya pumzi huweza kubaki imelegea vile vile, kwa kuwa atropini haiifikii. Ndiyo maana mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulisha, hata kama zahanati imekwisha kumkausha mate. Na ndiyo maana tabibu huyatazama mapafu na mapigo ya moyo zaidi kuliko macho. Mtu mzima huanza kupewa miligramu 1 mpaka 3, na kipimo huongezwa maradufu kila dakika 5, hata kifua kiwe kikavu. Mgonjwa mmoja aweza kumaliza atropini yote ya zahanati ndogo.

Kuna dawa nyingine, pralidoksimu, ambayo kazi yake ni kuzifungua kamba za mchanaji. Lakini kamba hizo hukauka kadiri saa zinavyopita, na zikishakauka hazifunguki tena. Mwili hauna budi kutengeneza wachanaji wapya. Kwa watu wa nchi ambayo kutoka Garissa mpaka Nairobi ni maili zipatazo 230, na Mandera iko mbali zaidi ya hapo, habari hiyo ya saa ni nzito. Yapasa kusemwa pia ya kuwa dawa nyingine za wadudu, za jamii ya kabamati, humfunga mchanaji kwa fundo jepesi, nalo hulegea lenyewe yapata siku moja. Hapo tabibu ataka kujua ni dawa gani iliyommwagikia mgonjwa, na chupa yenye maandishi yake humsaidia kuliko maelezo ya watu kumi.

Sasa atropini hiyo yatoka wapi? Asili yake ni katika mimea ya jamii moja na mnanaha, ule mmea wenye maua marefu meupe kama tarumbeta na matunda yenye miiba, uotao katika majaa, mazizi ya zamani na pembezoni mwa mashamba ya mahindi. Mtu aliyekula mbegu za mnanaha ni kinyume kabisa cha mkulima wa Sankuri. Barua zafika, lakini meza zimefunikwa, hakuna azisomaye. Mdomo umekauka hata hawezi kumeza, ngozi ni kavu tena ya moto, mkojo umefunga, moyo waenda mbio, mboni zimepanuka kama za paka usiku, naye hazungumzi ila upuuzi na kuona vitu visivyokuwapo. Mtu huyu naye huitiwa shehe.

Jambo hili si la kubuni. Mwezi wa Machi na Aprili, 2019, katika nchi ya Karamoja, Uganda, watu wapatao 300 waliugua na 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada. Walichanganyikiwa akili, wengine wakatapika na kushikwa na homa. Uchunguzi ulionyesha ya kuwa unga ule ulikuwa na sumu za mnanaha na jamii yake, atropini ikiwamo. Mbegu za magugu zikivunwa pamoja na nafaka na kusagwa pamoja nayo, hakuna jicho liwezalo kuziona. Karamoja ni nchi ya wafugaji wanaotegemea chakula cha msaada wakati wa njaa, na wasomaji wa Kaskazini Mashariki hawahitaji kuelezwa maana yake.

Hivyo sumu moja hufunga mikono ya mchanaji na nyingine hufunika meza; na ile ya pili, ikipimwa na mkono wa tabibu, humwokoa aliyepatwa na ya kwanza. Nyoka nao walizijua njia hizi kabla ya wanakemia. Sumu ya baadhi ya swila huzifunika meza za misuli, na aliyeumwa huanza kwa kuangukwa na kope za macho kabla pumzi haijakatika. Sumu ya mamba wa kijani, yule nyoka wa misitu ya pwani, ina kitu kinachomfunga mchanaji sawasawa na dawa ya kupe.

Basi mtu akionekana ana mate, machozi, jasho na mboni ndogo, naye alikuwa na dawa ya shamba au ya mifugo siku hiyo, na aondolewe mahali penye dawa, avuliwe nguo zote na aoshwe kwa maji na sabuni, nywele na kucha pia, kwa kuwa dawa hizi hupenya ngozi na nguo iliyolowa huendelea kumtia sumu njiani kote. Amwoshaye naye ajikinge mikono. Alazwe ubavu, asilazimishwe kutapika. Desturi ya kumnywesha maziwa ya ngamia ni ya huruma, lakini maziwa hayamfungui mchanaji mikono, na mtu ambaye misuli yake ya koo imelegea aweza kuyavuta mapafuni. Dawa ya kupe isipakwe kichwani mwa mtoto mwenye chawa. Na lile jerikeni tupu la dawa, ambalo huonekana zuri sana siku ya kuteka maji, lisafishwe mara tatu, maji ya kusafishia yakimwagwa katika bomba la kunyunyizia, kisha litobolewe lisiweze kuwekwa kitu tena, wala maji wala maziwa.

Wanyunyizaji wa kila siku wana hatari yao ya pekee, nayo haionekani. Kolinesterasi huweza kupimwa katika damu, na penye kazi kubwa ya nzige wafanyi kazi hupimwa kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Ambaye kimeng'enya chake kimeshuka sana huondolewa kazini hata kama ajiona mzima. Kile kilichomo katika chembe nyekundu za damu hurudi polepole, karibu sehemu 1 katika 100 kila siku, kwa kuwa hungoja damu mpya itengenezwe. Ndiyo sababu mtu aweza kunyunyiza wiki tatu bila kuumwa, akaamka Jumatatu ya wiki ya nne akijisikia vyema, akamwagikiwa na dawa kidogo tu, kiasi kile kile ambacho siku ya kwanza hakikumdhuru, na jioni akawa hospitalini.